Mwendo wa Bimkubwa

Jumamosi, 20 Aprili 2024. Kismayo

Hata siku moja sijamaliza, nimeshasema uongo.

Niliapa kwenye ndege kwamba hapa nitasema kweli tupu. Mimi ni Wafaa, nina miaka thelathini na saba. Nimezaliwa mji huu, nikatolewa na miaka minne vita vilipoingia, nikalelewa kambini Mombasa na bibi yangu Fathiya, Mungu amrehemu. Sasa naishi Rotterdam na kazi yangu ni kutunga ngoma za jukwaani. Natunga mwendo, wachezaji wanaucheza, watu wanakata tiketi wanakuja kutazama. Nimetunga miaka kumi na tano na magazeti yameniandika. Basi nimefika mlangoni kwa Bimkubwa, hata viatu sijavua, akaniuliza, "Na huko Ulaya wafanya kazi gani, mwanangu?"

Nikajibu, "Nafundisha mazoezi, Bibi. Wazee na wagonjwa wa viungo."

Limetoka lenyewe. Nilimwona na leso yake kichwani na tasbihi mkononi, nikafikiria kumwambia kwamba nacheza mbele ya wanaume kwa tiketi, ulimi ukageuka. Akanitazama kitambo. Kisha akasema, "Vyema. Mie nyonga yaniua. Kesho utaanza."

Njia ya mwongo ni fupi, lakini yangu imevunja rekodi.

Nitakaa kwake miezi mitatu. Alikuwa jirani wa bibi hapa hapa mtaani zamani, na aliposikia nakuja alimpigia mama simu mwenyewe: aje kwangu, asiende hoteli. Jumba la maonyesho limenituma nitafute kazi mpya ya jukwaani. Tasnim, mjukuu wa kaka yake ambaye yeye ndiye aliyemlea, anaolewa baada ya Idd ya mfungo tatu, na kina mama watapiga vugo, ngoma yao ya pembe. Hicho ndicho nilichokuja kukitafuta.

Jumapili, 21 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Nimemkanda kwa mafuta ya simsim ya moto. Bahati yangu mchezaji yeyote anaijua nyonga. Nimemnyoosha mguu taratibu, nikamzungusha, akauma leso asipige kelele.

"Bibi, wataka tufike wapi?" nikamuuliza, kama mwalimu wa kweli.

"Nataka nisimame siku ya Tasnim. Nisimame nicheze. Nimechoka kukaa kitako na kupiga makofi."

Jumanne, 23 Aprili

Leo nimeiona hatua yangu, ikitembea uani na ndoo mkononi.

Niandike vizuri, maana siku hii nitaikumbuka. Kazi iliyonitoa inaitwa *Shehena*. Mwaka wa nane sasa inazunguka, na yote imejengwa juu ya hatua moja: mguu mmoja unaburuta, nyonga inaanguka, mkono unashika kiuno, bega la pili linakimbilia kuokoa. Bibi alinifundisha kambini Mombasa, huku akiimba mstari mmoja tu: *Jahazi lenda upande, shehena halina ndani.* Nimewaambia waandishi wa kila mji kwamba huu ndio mwendo wa wanawake wa visiwa vyetu vya pwani ya Kismayo tangu enzi na enzi, na huo ni wimbo wa waliokimbia, waliopanda vyombo bila mali. Watu hulia wakisikia.

Na leo Bimkubwa amevuka ua kwenda kwenye tangi la maji, na hatua ni ile ile. Nyonga, mkono, bega. Nimempiga picha ya video kwa nyuma bila yeye kujua, nikamtumia meneja wangu na maneno haya: hata wanapoumwa, wanawake wa kwetu huumwa kwa mwendo huo. Nikajisifu kwa sentensi hiyo hadi magharibi.

Alhamisi, 25 Aprili

Meneja amefurahi kupita kiasi. *Shehena* inarudi jukwaani Oktoba, na anasema huyo mama ndiye bango letu.

Jumapili, 28 Aprili

Siwezi kulala wala kukaa. Naandika.

Baada ya alasiri kina mama wa vugo walikusanyika uani kwa Mama Ummi, jirani, ndiye kiongozi wao. Walikuwa kumi na mmoja, kila mmoja na pembe yake ya nyati na kijiti cha kuigongea. Mlango wa nje ukatiwa komeo. Bimkubwa alibaki nyumbani, mvua imemkaza nyonga. Walipiga vizuri, pembe zikijibizana, mimi nimekaa mkekani na daftari kama karani. Mwisho wakasema, haya mgeni, na wewe tuonyeshe ulichorithi.

Nikasimama. Nilisimama kwa kiburi, najijua. Nikafunga leso kiunoni, nikashika hatua yangu, nikaimba mstari wa bibi.

Pembe zikanyamaza moja moja. Mama mmoja mzee aliyekaa karibu na birika akacheka kidogo, kisha akaziba mdomo kwa leso. Wengine walitazama mkeka. Nilidhani wameguswa, nikaongeza nyonga.

Mama Ummi akanishika kiwiko akanipeleka jikoni.

"Hiyo amekufunza nani?"

"Bibi."

"Fathiya." Akashusha pumzi. "Hiyo si ngoma, mwanangu. Huyo ni mchu, mtu wa kweli."

Nikasema sielewi. Akanieleza akiwa amesimama, mkono bado kwenye kiwiko changu, kama anaogopa nitaanguka.

Zamani hapa mtaani kulikuwa na vyama viwili vya vugo, kimoja cha bibi yangu na kimoja cha Bimkubwa. Harusi ikija vyama vilipigana vijembe. Hawa wataimba, wale watajibu: fulani mchoyo, fulani hajui kupika, fulani buibui lake la kuazima. Ndiyo mila, na anayenuna ndiye aliyeshindwa. Lakini kuna mambo hayaguswi. Bimkubwa aliolewa kisiwa cha Kudhaa na miaka kumi na sita, na uzazi wake wa kwanza ulichukua siku nne, bahari imechafuka, hakuna chombo cha kumtoa kisiwani. Mtoto akatoka amekufa. Nyonga yake haikurudi, na hakushika mimba tena.

Na mwaka wa themanini na tano, kwenye harusi ya watu wakubwa, chama cha Bimkubwa kilikuwa kinashinda. Bibi yangu akainuka, akafunga leso kiunoni, akatembea kama yeye kutoka ukutani mpaka ukutani, akaimba. Jahazi lenda upande. Shehena halina ndani.

"Jahazi ni yeye," Mama Ummi akasema. "Shehena ni yule mtoto."

"Na watu?"

"Tulicheka. Na mie nilicheka. Kicheko kikimtoka mchu hakirudi." Akaachia kiwiko changu. "Tangu siku ile Bimkubwa hajasimama kwenye ngoma. Wewe hukujua?"

Sikujua. Lakini kutojua kwangu nimekuzungusha miji mingapi. Nimewafundisha wachezaji wanane kukokota mguu ule, nikawagombeza wasipouangusha vya kutosha. Lyon watu walisimama dakika sita. Walisimama kumpigia makofi mwanamke kwa nyonga yake na kitoto chake, na mimi niko mbele nainama.

Nimeona haya. Si haya ya maneno, haya ya jasho la mgongoni. Uso umeumbwa na haya, wanasema, na wangu leo nimeijua kazi yake.

Jumatatu, 29 Aprili

Nimemkanda. Sikumtazama usoni.

Jumanne, 30 Aprili

Nimemkanda. Mvua.

Ijumaa, 3 Mei

Sijamwandikia meneja. Kila nikishika simu najiambia kesho.

Nimefikiria sana habari ya bibi. Kambini nilikuwa mtoto wa kulia. Nalilia maji, nalilia paka tuliyemwacha huku. Bibi alipochoka na mimi alifunga leso, akatembea hatua ile kati ya mahema, akaimba, akacheka mwenyewe hadi machozi. Na mimi nikacheka. Ndiyo mara pekee niliyomsikia akicheka kule. Nikamwiga, nikajifunza. Labda alikuwa amesahau alikoitoa. Labda hakusahau. Siwezi kumuuliza, na sijui ningependa jibu gani.

Jumatatu, 6 Mei

Leo nimepata pa kutokea.

Nilikuwa nimeshika mguu wake nikahisi kitu kimenigonga kichwani: ni wa kushoto. Nyonga mbovu ya Bimkubwa ni ya kushoto. Hatua yangu ni mguu wa kulia, siku zote imekuwa kulia. Kwa hiyo si yeye. Huenda Mama Ummi amechanganya, mtu mzima naye. Huenda bibi alichukua hatua ya kale akaichezea shere siku moja tu. Nimemaliza kumkanda nikiwa mwepesi, nikamtania kwamba tutamfanya acheze mpaka Tasnim akose wa kumtazama. Akasema, "Yeo una furaha, mwana."

Usiku nikala mikate mitatu ya mofa.

Ijumaa, 10 Mei

Meneja anauliza jina la yule mama, waliandike chini ya bango. Sijajibu. Nyonga inalegea, anaweza kukaa chini na kuinuka bila kushika ukuta.

Jumatano, 15 Mei

Pa kutokea pamefungwa.

Mama Ummi alikuja kumfunza Tasnim namna bibi harusi anavyoinua mikono akionyeshwa kwa wageni. Wamesimama wametazamana. Mama Ummi anainua mkono wa kulia, Tasnim anainua wa kushoto. Mama Ummi anageuka huku, Tasnim kule. Nikawa nawatazama na kikombe cha chai mkononi, na chai ikapoa hapo hapo.

Bibi alikuwa akinifunza tumetazamana. Mguu wake wa kushoto ulikuwa upande wangu wa kulia.

Mtunzi wa ngoma mimi, mtu wa vioo, imenichukua siku tisa kuliona ambalo ningemwambia mwanafunzi wa wiki ya kwanza. Sikuliona kwa sababu sikutaka. Hilo ndilo linaloniuma kuliko lote. Kosa la kwanza nililikosa bila kujua, lakini hizi siku tisa nimezila nikijua, pamoja na mofa.

Ijumaa, 17 Mei

Mvua kubwa. Maji yameingia mpaka chumbani, tumeinua magodoro juu ya meza.

Alhamisi, 23 Mei

Nilimkanda kwa muda mrefu maana unyevu umemrudishia maumivu. Sikumuuliza chochote. Akaanza mwenyewe, uso ameuelekeza ukutani.

"Bibi yako tulisoma chuo kimoja. Msahafu mmoja, sote wawili juzuu moja, yeye ashika kitabu mie nafuata kwa kidole."

Nikasema sikujua.

"Alikuwa na sauti. Na alikuwa na kichekesho, angeweza kukuigizia mchu yeyote ukamjua kabla hajataja jina." Nikaendelea kukanda. "Siku ya kukimbia tulikuwa sote ufukweni. Wao wakapata nafasi kwenye boti, mie sikupata. Nilikuwa na dumu la maji, nikampa kwa ajili yenu watoto. Wewe ulikuwa umebebwa, wapiga kelele. Nikangoja. Nilidhani atasema neno."

"Akasema nini?"

"Akasema, Mungu akulipe kwa maji."

Mikono yangu ilikuwa na mafuta mpaka kwenye viwiko. Pale ndipo pangekuwa mahali pa kusema. Mwanamke amenifungulia mlango, ameuacha wazi, na mimi nikamwambia, "Sasa tugeuke upande wa pili, Bibi."

Jumamosi, 25 Mei

Mficha uchi hazai. Bibi mwenyewe alikuwa akinisomea methali hiyo.

Jumapili, 2 Juni

Sasa kila nikimtazama naona vitu viwili. Kabla, nilimwona mzee mkarimu mwenye nyonga. Leo alikuwa anachambua mchele wa harusi na Tasnim, akamkemea kwa kuacha mawe, akacheka, akaomba maji. Nikajikuta nahesabu mkono ulivyopanda kiunoni alipoinuka. Moja, mbili, bega. Hata sasa, baada ya yote, jicho langu bado linachukua. Nimeingia chumbani nikakaa na uso ukutani kama mtoto aliyeadhibiwa.

Jumatatu, 10 Juni

Nimemwandikia meneja asitumie ile picha. Nimeandika vibaya, kwa woga, eti mama mwenyewe hapendi. Sikusema kwa nini.

Jumapili, 16 Juni

Idd. Bimkubwa amekwenda kuswali kwa miguu yake, kwenda na kurudi. Kila aliyempita njiani alimpongeza. Alinitambulisha kwa wote, "Huyu ni mjukuu wa Fathiya. Ndiye anayeniponya." Nikapokea pongezi, nikala halua. La kuvunda halina ubani.

Alhamisi, 20 Juni

Barua yangu ilichelewa. Meneja amenitumia picha ya ukuta wa jumba la maonyesho, bango refu kama nyumba ya ghorofa mbili. Mgongo wa Bimkubwa, ndoo, mkono kiunoni, na juu yake kwa herufi nyeupe: SHEHENA.

Chombo kisicho na shehena, nao wameandika shehena. Bibi yangu mwenyewe asingefikiria kijembe kibaya kama hicho.

Jumamosi, 22 Juni

Nimesema.

Ilikuwa asubuhi, mafuta yako tayari, mvua nyepesi juu ya mabati. Alikuwa amekaa kitandani amenyoosha mguu, na mimi chini. Niliinamisha kichwa, nikaanza.

"Bibi, mimi sifundishi mazoezi."

"Najua."

"Natunga ngoma. Watu wanalipa kutazama. Wanaume na wanawake."

"Najua."

Nikakwama. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira, hata kwa machozi, si kwa hilo. Nikaendelea kama mtu anayetapika. Nikamwambia habari ya kambi na ya hatua, nikamwambia wimbo niliuweka jukwaani na maana niliyowapa watu. Nikamwambia nilivyompiga picha kwa nyuma siku ya nne, na siku tisa za mguu wa kulia. Mwisho nikatoa simu nikamwonyesha bango.

Akaishika mbali na macho, kama wafanyavyo wazee. Akatazama muda mrefu.

"Hili buibui lina tundu begani," akasema. "Ningejua ningevaa lile jipya."

"Bibi."

"Kaa. Na mie niseme." Akaweka simu kitandani, kioo kimetazama chini. "Mwaka ule wa korona dada yake Tasnim aliyeko Uingereza aliniletea ngoma yako kwenye simu. Tasnim akaniwekea, nikaitazama mara tatu. Ya kwanza nikasema, Fathiya amefufuka. Ya pili nikaona ni mchu mwingine, kijana. Ya tatu sikukutazama wewe. Niliwatazama wachu waliokaa. Hawacheki. Nikajiuliza, mbona hawacheki? Fathiya aliwachekesha. Wewe uliwaliza. Mpaka yeo sijajua lipi lilikuwa baya zaidi."

Akavuta tasbihi yake, akaendelea.

"Iliposemwa kwamba waja, nikamwambia mama yako, aje kwangu. Nikasema moyoni, huyu anakuja kusema. Ukafika mlangoni ukaniambia mazoezi." Hapo akacheka kidogo, kicheko kikavu. "Nikasema, haya, basi na afanye hayo mazoezi. Nimehesabu Ijumaa tisa."

"Naomba radhi, Bibi."

"Radhi za nani? Zako au za Fathiya?"

"Zetu sote wawili."

"Za Fathiya nilizitoa siku nilipopata habari ya kufa kwake. Maiti hangojwi. Zako bado ziko kwangu. Nitakapoweza nitakwambia."

Nikasema ngoma ile nitaiondoa, bango nitalishusha. Akasema, "Hiyo kazi yako, wewe waijua. Mie langu moja. Alhamisi, siku ya Tasnim, nitasimama. Wewe hutakuwapo uani."

Nilidhani nimesikia vibaya. Miezi miwili nimeushika mguu ule kila asubuhi ili usimame siku hiyo.

"Bibi, nitakaa nyuma kabisa. Simu nitampa Tasnim."

"Si simu, mwanangu. Ni macho. Umeshaniona vya kutosha."

Kisha akavuta leso yake, akausukuma mguu wa kushoto mbele yangu. "Haya, malizia. Mafuta yapoa."

Jumatatu, 24 Juni

Nimemwandikia meneja barua ya kweli, kurasa mbili. *Shehena* haitachezwa tena, Oktoba wala siku nyingine. Amepiga simu. Alipandisha sauti, kisha akashusha, kisha akaniuliza kama ninaumwa. Akasema, "Hakuna anayejua huko, Wafaa. Nani atajua?" Nikamwambia mimi. Akasema basi na jumba halitaingoja hiyo kazi yako mpya, na nisidhani mlango huo utafunguka tena. Ana haki.

Wachezaji nimewapigia mwenyewe, mmoja mmoja, wote wanane. Yule wa mwanzo kabisa, aliyeicheza hatua ile tangu siku ya kwanza, aliniuliza, "Kwa hiyo miaka yote hii nilikuwa nani?" Nikamwambia jina.

Jumanne, 25 Juni

Bango limeshushwa. Tasnim amewekwa hina.

Alhamisi, 27 Juni

Harusi.

Nilikuwa jikoni tangu asubuhi, na masufuria mawili ya pilau na moshi wa kuni mbichi za mvua. Nilijitolea mwenyewe kabla sijapangiwa. Kina mama waliniona na kaptula ya mazoezi ndani ya dera, wakanicheka, wakaniachia mwiko.

Baada ya alasiri wakafunga mlango wa nje, wageni wakaketi uani, pembe zikaanza. Jikoni kuna dirisha moja la mbao, linatazama uani moja kwa moja. Mama Ummi alipopita kuchukua birika alilifungua. "Utakufa na moshi humo," akasema, akatoka.

Nikabaki mimi na dirisha. Niliona migongo ya wageni, na leso nyekundu za chama, na kiti cha Bimkubwa kikiwa na mtu bado. Pembe zikabadilika mwendo. Nikaona mkono wake ukishika kiti, ule mkono ninaoujua kuliko wangu, na mwili ukaanza kuinuka.

Nikalifunga dirisha, nikatia pingo.

Moshi ukajaa. Macho yalinitoka maji, kikohozi kikanishika, nikageukia ukuta wa masizi nikauegemea kwa paji la uso. Pembe nilizisikia. Mtu wa kazi yangu akisikia pigo hujua mguu uko wapi, na nilijua kila mguu ulipokuwa, mpaka mwisho. Vigelegele navyo nilivisikia. Nilichokiona kwa masikio sitakiandika, hata humu.

Pilau ya chini iliungua kidogo.

Baadaye mlango ukasukumwa, akaingia Bimkubwa mwenyewe, jasho limemlowesha kifua, anahema. Akaketi kwenye mbuzi ya kukunia nazi, maana hakukuwa na kiti. Akaomba maji. Nikamchotea. Akatazama dirisha, akanitazama macho yangu.

"Nani kafunga dirisha?"

"Mimi, Bibi."

Akanywa maji yote, taratibu, akanirudishia kata.

"Kesho mafuta uyatie moto zaidi," akasema. "Nyonga yote imeamka."